Chokaa, magadi na maji ya betri: majibu kwa wenye picha za karatasi

Karatasi ya zamani inayogeuka rangi ya chai na kumeguka kama papadi ina asidi ndani yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa mada yetu toleo lililopita, na tangu hapo barua hazijakatika, nyingi kutoka kisiwani Mombasa na ng'ambo zake: Likoni, Nyali, Changamwe. Karibu nyote mnauliza kama asidi hiyo yaweza kuondolewa nyumbani. Baadhi ya majibu ya leo ni marefu kuliko kawaida, kwa sababu picha iliyochorwa kwa mkono ikiharibika haina ya pili.

Swali: Assalaam alaykum wahariri. Nimerithi kwa nyanya yangu picha ya rangi za maji, majahazi yametia nanga bandari ya kale. Imetundikwa ukutani tangu mimi mdogo. Pale picha inapokutana na ile kadi ya ndani ya fremu pana mstari wa hudhurungi, kama umechorwa kwa chai. Jirani anashauri niiloweke kwenye maji ya chokaa ya tambuu kwa kuwa chokaa huua asidi. Ni kweli? *Dada wa Kibokoni*

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yetu. Jirani amepatia kemia, amekosea dawa. Chokaa ya tambuu ni haidroksaidi ya kalsiamu, na watunzaji wa karatasi hutumia kitu hicho hicho. Ila chokaa ya sokoni imechomwa kwa mawe, matumbawe au makombe, ina udongo, chumvi na chembe za chuma, na nyingine hutiwa rangi na manukato. Chembe ya chuma ikiingia kwenye karatasi huzaa doa la kutu na kuharakisha kuoza kwa selulosi (nyuzi zinazoishika karatasi), yaani unaondoa adui mmoja na kukaribisha mwingine. Juu ya hayo, maji ya chokaa yaliyokolea yana pH zaidi ya 12 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali, kinyume chake), na rangi za maji zimeshikwa kwenye karatasi kwa gundi ya mgunga ambayo huyeyuka kwenye maji. Ukiiloweka, majahazi yataondoka na maji. Picha ya rangi za maji haiogeshwi nyumbani, kwa chokaa wala kwa maji matupu.

Mstari ule umetokana na hiyo kadi, ambayo mafundi huiita maunti. Kadi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, ikiwa na lignini yake yote, ile gundi ya asili ya mti. Inapozeeka hutoa asidi, na sehemu inayotoa zaidi ni ule ukingo uliokatwa kwa mshazari kuzunguka picha. Ndiyo maana mstari umefuata ukingo sawasawa. Nyuma ya picha huenda pana hadibodi, nayo hutoa asidi upande wa pili. Ukitibu karatasi kisha ukairudisha kwenye maunti na hadibodi zile zile, umefua kanzu na kuianika matopeni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuondoa chanzo. Laza fremu kifudifudi juu ya taulo safi, kata tepu ya nyuma kwa wembe, ng'oa misumari kwa koleo bila kuipiga nyundo, kisha inua hadibodi. Kama picha imeganda kwenye kioo, au imebandikwa kwa gundi kwenye maunti, simama hapo: usivute, usitie maji. Kama inainuka yenyewe, ipokee juu ya kadi safi, pangusa vumbi la nyuma kwa brashi laini, na uwaze jinsi ya kuirudisha. Mwambie fundi unataka maunti na kadi ya nyuma za pamba zisizo na asidi, na picha ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Selotepu isikaribie. Kati ya kioo na picha paachwe nafasi ya milimita 3 hivi.

Kuta za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale hupitisha unyevu na chumvi, basi bandika vipande vya koki nyuma ya pembe nne za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mstari wa hudhurungi hautafutika, lakini hautaendelea kukolea kama ilivyokuwa. Kwa picha hii hayo yanatosha.

Swali: Kuna video inasema nivunje kidonge cha magnesia, ile dawa ya tumbo, ndani ya soda ya maji, nikiache usiku kucha, kisha nitumbukize picha. Mwingine anasema magadi yanatosha. Kipi bora? *Msomaji, Majengo*

Jibu: Vyote viwili viache kwa picha.

Ile ya magnesia ina mantiki. Gesi iliyomo kwenye soda huyeyusha magnesia ikawa bikabonati ya magnesiamu, na watunzaji wamewahi kuitumia miaka mingi. Watu huifanya kwa kipande cha gazeti wanachotaka kukihifadhi. Lakini kidonge kina wanga, ladha na sukari, soda nyingi za maji hutiwa chumvi za sodiamu, na magnesiamu ikiingia kwenye karatasi ya mbao zilizosagwa mara nyingi huifanya iwe ya manjano zaidi papo hapo. Kwa kipande cha gazeti chenye nakala elfu nyingine hasara ni ndogo. Mchoro wa mkono hauna nakala.

Magadi ni mabaya zaidi. Yale ya Ziwa Magadi ni kabonati ya sodiamu iliyochanganyika na bikabonati, na maji yake yana pH 10 hivi. Chumvi za sodiamu huyeyuka kwa urahisi sana, hazitulii ndani ya karatasi. Unyevu wa Mombasa huzisogeza kila siku, na alkali kali namna hiyo nayo hula selulosi na kuipa umanjano. Kalsiamu na magnesiamu huchaguliwa kwa sababu hatimaye hugeuka kabonati isiyoyeyuka kwa urahisi, ikakaa mahali pake ikingojea asidi mpya.

Swali: Shuleni tumehifadhi michoro ya penseli ya wanafunzi wa miaka ya 1980, mingi kwenye karatasi ya manila. Nimeletewa kalamu ya kupimia asidi. Naomba kujua namna ya kuitumia bila kuacha alama. *Mwalimu wa sanaa, Likoni*

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Haiwezekani. Wino wa kalamu hiyo hugeuka manjano kwenye asidi na zambarau kwenye alkali, na alama yake haitoki. Itumie dukani kupimia kadi na bahasha kabla ya kuzinunua. Kwenye mchoro, hapana.

Tumia vijiti vya pH vya plastiki, vile ambavyo rangi yake haichuji. Chagua pembe ya nyuma ya karatasi ambayo baadaye itafunikwa. Weka tone moja dogo la maji yaliyoondolewa madini, laza kijiti juu yake, funika kwa kipande cha plastiki safi, weka uzito mdogo kama chupa ya dawa, subiri dakika 5, kisha linganisha rangi. Kausha pale kwa karatasi ya kufyonza. Kosa la nusu ya pH ni la kawaida kwa njia hii. Kama karatasi imeshakuwa ya hudhurungi usiiguse hata kwa tone, maana tone litasukuma uchafu wa manjano hadi ukingoni mwake na kuacha duara lisilofutika.

Kusoma matokeo: 7 na zaidi, iache. Kati ya 5 na 7, badilisha jalada na sanduku, inatosha. Chini ya 5 ndipo pa kufikiria tiba. Kumbuka kipimo hiki hupanda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo karatasi ya pH 4 ina asidi mara 1,000 ya ile ya pH 7.

Rangi isikudanganye. Karatasi nyeupe yaweza kuwa na pH 4.5, kwa sababu tangu Moritz Illig wa Ujerumani alipotangaza mwaka 1807 njia ya kuzuia wino usitawanyike kwa utomvu wa msonobari na shabu, viwanda vilitia shabu kwenye karatasi kwa zaidi ya karne moja na nusu. Ni ndugu ya shabu ile ya kinyozi. Inapokutana na unyevu huzaa asidi ya sulfuri. Karatasi ya manila ya shule kwa kawaida ina shabu na lignini pamoja. Michoro yako ya penseli yaweza kuishi muda mrefu ikitenganishwa mmoja mmoja kwa karatasi isiyo na asidi, ikalazwa, isikunjwe, na isiwekwe kwenye boksi la kahawia la dukani.

Swali: Mteja ameniletea chapa ya lino (picha iliyochapwa kwa kibao cha lino kilichochongwa), wino mweusi wa mafuta, karatasi nzito ya pamba ukubwa wa A3, imetiwa sahihi kwa penseli. Imekaa kwenye fremu mbaya, imekuwa ya manjano yote, nimepima pH 4.8. Haikubandikwa popote. Nataka kuiosha na kuitoa asidi. Nipeni hatua zote. *Fundi wa fremu, Nyali*

Jibu: Fundi, umechagua kazi inayostahimili maji kuliko zote: wino wa masizi na mafuta, penseli, karatasi ya pamba. Hata hivyo usianze kabla ya kujaribu. Lowesha ncha ya pamba ya masikio, gusa wino kwenye sehemu ndogo isiyoonekana sana, subiri dakika moja, bana kwa karatasi nyeupe ya kufyonza, angalia kwa kioo cha kukuzia. Fanya hivyo kwenye sahihi, kwenye namba, kwenye muhuri kama upo. Rudia kwa maji ya chokaa yaliyopunguzwa hadi pH 9. Karatasi ya kufyonza ikionyesha rangi yoyote, hata kivuli, kazi imeishia hapo. Kalamu ya biki na wino wa muhuri huwakamata wengi, kwa kuwa fundi amejaribu picha akasahau maandishi ya nyuma.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia Pwani. Maji ya mfereji yametiwa klorini na mara nyingi yamepita kwenye mabomba yenye kutu. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi ikibaki kwenye karatasi itanyonya unyevu daima. Tumia maji yaliyoondolewa madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Soma lebo mara mbili: asidi ya betri hukaa kwenye rafu hiyo hiyo, kwenye chupa zinazofanana, na hiyo ni asidi ya sulfuri. Fungua, chovya kijiti cha pH. Maji mazuri husoma kati ya 5.5 na 7, kwani yamenyonya gesi ya kaboni kutoka hewani. Yakisoma 1 au 2, funga chupa na uirudishe.

Maji hayo matupu yana njaa. Ukiosha karatasi nayo hivyo hivyo yatavuta hata kalsiamu nzuri iliyomo. Yashibishe kwanza. Chukua haidroksaidi ya kalsiamu ya maabara, gramu 2, uitie kwenye lita 1 ya maji, vaa glavu na miwani maana huunguza macho, tikisa, funga chupa ikiwa imejaa hadi shingoni, iache usiku kucha. Maji huyeyusha gramu 1.6 hivi tu, kilichobaki huzama, ndivyo inavyotakiwa. Asubuhi vuta kwa sirinji maji maangavu ya katikati. Ukiona utando mweupe juu, ni kabonati iliyofanyika kwa kukutana na hewa, usiuchukue. Tia mililita chache kwenye kila lita ya maji ya kuoshea, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo hadi pH 8. Kijiti huchelewa kusoma kwenye maji mepesi namna hii, kipe dakika moja au mbili.

Tafuta trei mbili za plastiki zinazozidi chapa kwa sentimita 5 kila upande, na kitambaa chepesi cha poliesta kisichofumwa, kile mafundi nguo hutilia kwenye kola. Maduka ya vitambaa ya Biashara Street huwa nacho; chagua kisicho na gundi ya kupigia pasi. Weka chapa kati ya vipande viwili vya kitambaa hicho na usiiguse tena kwa vidole hadi ikauke. Karatasi iliyolowa hupasuka kwa uzito wake yenyewe. Inyunyizie ukungu wa maji pande zote mbili hadi ilegee sawasawa, ndipo uizamishe. Ukiitupa majini ikiwa kavu, sehemu moja itanyonya na nyingine itakataa, na mpaka wa kati utabaki kama doa.

Iache dakika 15 hadi 20. Utaona manjano yakishuka kutoka kwenye karatasi kama chai ya mkandaa inayotoka kwenye majani, polepole, kutoka kingo kwanza. Hiyo ni asidi na mabaki ya selulosi iliyooza. Mwaga, tia maji mapya yenye pH 8, rudia hadi maji yabaki maangavu. Kwa kawaida bafu tatu hutosha. Usisugue, usiongeze moto. Sehemu kubwa ya asidi inayoyeyuka imeondoka hapa, na kuna chapa ambazo mtunzaji makini angesimama hapa akaridhika.

Ukitaka kuacha akiba ya alkali, yaani kabonati inayobaki ndani ya karatasi ikingojea asidi mpya, bafu la mwisho liwe bikabonati ya kalsiamu. Tia gramu 1 ya kabonati ya kalsiamu safi kwenye lita 1 ya maji baridi ya friji, ipulizie gesi ya kaboni kwa chupa ya kutengenezea soda, tikisa, iache usiku kucha kwenye friji, tumia maji maangavu ya juu. Mnakumbuka jaribio la shuleni, unapuliza pumzi kwenye maji ya chokaa yanageuka maziwa, ukiendelea yanatakata tena? Kule kutakata ndiyo bikabonati. Kwa joto la Mombasa gesi hutoroka haraka na kabonati huanguka kama unga, kwa hiyo itoe kwenye friji wakati chapa iko tayari. Usishtuke ukipima ukakuta pH 6: ni gesi iliyomo. Karatasi ikikauka gesi huondoka, kabonati hubaki, na pH hupanda. Dakika 20 zinatosha.

Wengine watakwambia ufikishe asilimia 2 ya kabonati kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706. Kiwango hicho ni cha kutengenezea karatasi mpya. Piga hesabu ya chapa yako: A3 ya gramu 200 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 25. Ikinyonya mililita 30 za maji hayo inabaki na gramu 0.03 za kabonati, kama asilimia 0.12. Kwa picha itakayokaa kwenye maunti nzuri kiasi hicho kinafaa, na anayelazimisha zaidi kwa bafu zito huishia na vumbi jeupe juu ya wino mweusi.

Kukausha ni nusu ya kazi. Inua chapa na kitambaa chake, acha maji yatiririke, ilaze wazi hadi mng'ao wa maji upotee, kisha iweke kati ya karatasi za kufyonza na ubao wenye uzito juu. Badilisha karatasi za kufyonza baada ya dakika 10, tena baada ya nusu saa, tena baada ya saa 2, kisha asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Iache chini ya uzito wiki mbili. Wanaoitoa siku ya tatu kwa kuwa inaonekana kavu huikuta imejikunja kesho yake, kwa sababu ndani bado ilikuwa na maji. Kama wino umeinuka au karatasi ina mbonyeo wa kibao cha kuchapia, weka blanketi la sufu kati yake na ubao ili uzito usiulaze. Fanya kazi hii Januari au Februari, mvua zikiwa chache. Masika, hasa Mei, karatasi haikauki upesi, na hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70 ukungu huota. Feni ielekezwe ukutani, isipige karatasi moja kwa moja, la sivyo kingo zitakauka kabla ya katikati na kuacha mstari.

Mwambie mteja kabla ya kuanza: karatasi iliyokwisha kuwa dhaifu haitapata nguvu upya. Kuondoa asidi huzuia kuoza kusiendelee kwa kasi ile, hakuungi nyuzi zilizokatika.

Swali: Nilipaka maji ya chokaa yaliyopunguzwa nyuma ya mchoro wa rangi wa rafiki yangu. Karatasi ilikuwa nzuri, lakini bahari yote imegeuka rangi ya udongo. Imekuwaje, na nitairudishaje? *Kijana wa Changamwe*

Jibu: Pole, kijana wetu. Bahari ile ilichorwa kwa buluu ya Prussia, rangi iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ni mchanganyiko wa chuma, na alkali huuvunja: sehemu moja huyeyuka na kuondoka, nyingine hubaki kama haidroksaidi ya chuma, ambayo ni kutu. Udongo unaouona ni kutu hasa. Usijaribu kuirudisha kwa siki wala ndimu. Utaongeza asidi na rangi haitarudi kama ilivyokuwa. Bana kwa karatasi kavu za kufyonza, usiisuuze, iache ikauke ikiwa imelala, kisha umpelekee mtunzaji wa karatasi pamoja na maelezo kamili ya ulichotumia.

Buluu tatu zaweza kufanana kabisa kwa macho. Buluu ya Prussia huuawa na alkali. Altramarini ni kinyume chake, huuawa na asidi na haijali chokaa. Buluu ya fthalosianini, iliyoingia sokoni miaka ya 1930, hustahimili zote mbili. Kwa hiyo kila rangi hujaribiwa kwa tone mahali pa kificho, na jaribio hupewa dakika kadhaa, si sekunde. Manjano ya kromu hugeuka kuelekea rangi ya chungwa. Manjano ya bizari, kila aliyefua kanga yenye doa la mchuzi kwa sabuni ameona inavyogeuka nyekundu. Ndivyo itakavyofanya kwenye karatasi.

Wenye ramani za zamani za nyumba zilizochapwa kwa mistari myeupe juu ya buluu, zingatieni: buluu ile yote ni ya Prussia. Hata karatasi ya kuhifadhia yenye akiba ya kabonati haizifai. Ziwekeni kwenye karatasi isiyo na asidi na isiyo na akiba ya alkali.

Swali: Ami yangu ameniachia kurasa za khati, maandishi ya Kiarabu yenye mapambo mekundu. Wino mweusi wa baadhi ya mistari umekuwa wa hudhurungi na umetoboa karatasi. Je, huu si ushahidi wa asidi inayotakiwa kuondolewa? *Msomaji, Mji wa Kale*

Jibu: Ni asidi, lakini imo kwenye wino. Kurasa nyingi za Pwani za karne ya 19 ziliandikwa kwenye karatasi ya matambara kutoka Italia. Mulika ukurasa kwa mwanga wa nyuma, huenda ukaona alama ya hilali tatu. Karatasi hiyo ni imara. Wino wa masizi juu yake hubaki mweusi hata baada ya miaka mingi. Uliogeuka hudhurungi, wenye kivuli kinachoonekana upande wa pili na nyufa ndani ya herufi, ni wino wa chuma uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vinundu vya miti. Una asidi, na una chuma kisichotulia kinachochoma selulosi.

Hapa maji matupu ni hatari. Hubeba chuma hicho kutoka kwenye herufi hadi kwenye karatasi safi, na uchomaji huenea. Alkali peke yake hupoza asidi lakini chuma hubaki kikifanya kazi, na pH ikipanda sana wino hubadilika rangi. Tiba inayotumika ni ile aliyoitafiti Johan Neevel wa Uholanzi miaka ya 1990: bafu la fitati ya kalsiamu, inayokamata chuma, kisha la bikabonati ya kalsiamu. Mtunzaji huanza kwa kijikaratasi cha kupimia chuma, akakilowesha na kukibana juu ya wino kwa nusu dakika. Kikigeuka waridi, chuma kimo. Na ule wekundu wa mapambo hujaribiwa peke yake. Hii ni kazi ya mtaalamu aliyesomea karatasi. Kwako wewe: kila ukurasa kwenye folda yake, juu ya kadi ngumu, usikunje, usipindue kwa kushika pembe, na chumba kiwe kikavu.

Swali: Nina mabango ya sinema na kurasa za magazeti zenye katuni, zaidi ya mia. Siwezi kuogesha moja moja. Nimesikia kuna dawa ya kupuliza. *Mkusanyaji, Kizingo*

Jibu: Ipo, na kwa mzigo wako ndiyo njia. Moja huitwa Bookkeeper: ni chembe ndogo sana za oksaidi ya magnesiamu ndani ya kiowevu kisichoyeyusha wino na kisichovimbisha karatasi. Chembe hutua kati ya nyuzi, zikakutana na unyevu, zikaanza kutuliza asidi. Unyevu wa Mombasa unatosha na kuzidi. Puliza nyuma ya karatasi tu, umbali wa shubiri moja hivi, kwa mistari inayopitana, chumba kikiwa na madirisha wazi, na chupa itikiswe kila mara kwa kuwa chembe huzama. Ukipuliza kupita kiasi utaona vumbi jeupe, hasa kwenye sehemu nyeusi za bango. Michoro ya chaki za rangi na makaa usiipulize kabisa, upepo wa chupa utaipeperusha. Dawa nyingine za kupuliza hutumia spiriti, na hizo hutawanya wino wa biki na mihuri, basi soma chupa.

Karatasi ya gazeti itaendelea kuwa ya manjano ikikutana na mwanga hata baada ya kupulizwa, kwa sababu ya lignini. Zile katuni unazotaka watu waziangalie zipige nakala kwenye karatasi isiyo na asidi, utundike nakala. Anza na kurasa tano zisizo na thamani, zipulize, zisubiri mwezi mmoja sandukuni, uzilinganishe na ambazo hazikupulizwa, ndipo ugeukie mia zilizobaki.